Nyayo za Onesmo

Blanketi la sufu likilowa kisha likaanikwa karibu na jiko la mkaa hutoa harufu ambayo sijapata mtu wa kunielezea vizuri. Si mbaya, wala huwezi kusema ni nzuri. Ndani yake kuna kondoo, kuna moshi, na kuna kitu kama maziwa yaliyomwagika juzi. Binti yangu Neema alikuja kujifungulia kwangu hapa Makambako, na mtoto alipofikisha wiki tatu akalilowesha blanketi la zamani nililokuwa nimelificha juu ya kabati. Sijui Neema alilipata vipi. Alilifua, akalianika jikoni bila kuniuliza. Mimi nilikuwa sebuleni kwenye mashine yangu ya kufumia masweta. Harufu iliponifikia mkono ukasimama, nyuzi zikajisokota, na sweta la shule la mtoto wa watu likaharibika begani.

Mimi ni fundi wa masweta nisiyesikia baridi. Hapa Makambako upepo hauna adabu, unaingia hadi kwenye mifupa, lakini mimi hukaa dukani na blauzi nyepesi mwezi wa saba huku wateja wanatetemeka mbele yangu. Wenzangu wa sokoni wananiita Friji. Nacheka nao. Huwa sisemi kwamba nilikuwa na baridi kama watu wengine mpaka nilipofika darasa la tatu.

Nyie wenzangu mliolea wadogo zenu kabla ya kujua kuandika barua mtanielewa bila maelezo mengi.

Tulikaa upande wa Matembwe, nyumba yetu ikiwa katikati ya mikaratusi na mashamba ya chai. Baba alipasua mbao msituni, na tulimwona mara moja kila baada ya majuma mawili, amejaa unga wa mbao hadi kwenye nyusi. Mama alichuma chai. Mdogo wangu Onesmo alizaliwa mahindi yakikaukia shambani, na alipofikisha wiki ya sita ndipo baridi ilipofika kileleni. Asubuhi nyasi zilikuwa nyeupe, na ukizikanyaga zinavunjika kwa sauti. Shule ilikuwa imefungwa. Kwa hiyo mlezi wa Onesmo nikawa mimi.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Mama alitoka mapema na kapu lake mgongoni. Mimi nilibaki na mtoto motoni, na jua likipanda kidogo nilimbeba hadi kwenye banda la kupimia chai ili anyonyeshwe wakati wanawake wanapumzika. Kisha nilirudi naye nyumbani. Kule kwetu kitu kilichowatisha watu kwa kichanga hakikuwa njaa, ilikuwa baridi. Kwa hiyo mama alinifundisha kipimo alichofundishwa na mama yake.

"Mshike nyayo," aliniambia. "Mara kwa mara, mshike nyayo. Zikiwa za baridi, mfunike upesi. Zikiwa na joto, mtoto mzima, huna wasiwasi."

Hakukuwa na kipimo kingine. Siku ya kwanza nilichelewa njiani kwa kuangalia lori lililokwama, na nilipofika bandani mama aliingiza mkono kwenye nguo za mtoto akautoa kama aliyegusa chura. Alinigombeza kwa Kibena mbele ya wachumaji wote. Mama yangu alikuwa na Kiswahili cha wageni na ofisini, na Kibena cha hasira. Wanawake walicheka, si kwa ubaya, lakini walicheka. Nilikwenda nyuma ya banda nikalia hadi pua ikaziba, nikaapa kwamba kesho yake hakuna atakayenicheka.

Kesho yake nikalitoa blanketi la baba. Lilikuwa la kijivu lenye mstari mwekundu, zito, alilolitumia kambini kwa wapasuaji. Nilikaa na Onesmo karibu kabisa na mafiga. Asubuhi hiyo alikuwa amenyonya kidogo tu akaacha, na alikuwa mkaidi mkaidi, hataki kulala wala hataki kubembelezwa. Nilimviringisha mara mbili, nikamfunga mgongoni kwa kitenge, nikajifunika naye blanketi. Kabla ya kutoka nilimshika nyayo. Zilikuwa za moto kama viazi vinavyotolewa majivuni. Nilifurahi sana. Sina sababu ya kudanganya uzeeni, nilifurahi sana.

Njia nzima nilitembea na kandambili juu ya zile nyasi nyeupe, na kwa mara ya kwanza tangu baridi ianze sikutetemeka. Mgongo wangu ulikuwa na moto. Joto lilitoka kwake likaingia kwangu, likashuka kiunoni, likafika hadi magotini. Nilipunguza mwendo makusudi ili nisifike mapema. Kila alipovuta pumzi alikuwa anatoa sauti ndogo, mh, mh, nikadhani anaitikia wimbo niliokuwa naimba. Nikaimba beti zote nilizozijua kisha nikaanza upya.

Bandani mama aliniona na blanketi akaweka kapu chini. Mikono yake ilikuwa imelowa umande na imekuwa myeusi kwa utomvu wa chai. Aliipangusa kwenye gauni, akaingiza mmoja kwenye nguo za mtoto, akazishika zile nyayo. Akakaa hivyo kwa muda. Nilimkazia macho usoni, maana nilikuwa nangojea.

"Leo umefanya kazi nzuri," akasema. Alisema kwa sauti, wanawake wote wakasikia.

Mwili wangu wote ulijaa. Mama hakuwa mtu wa kusifu. Alikuwa mtu wa kusema "haya" pale wengine wangesema "asante." Akampa mtoto titi, mtoto akaligusa kwa midomo akaliachia, akageuza uso.

"Ana usingizi," mama akasema. "Mrudishe, mkae motoni."

Akavaa kapu lake, ambalo lilikuwa nusu, akarudi kwenye mstari wake wa chai. Sikupata kusifiwa tena na mama yangu kuanzia siku hiyo. Niliolewa, nikafungua duka, nikamjengea chumba kwangu, na hakuwahi kurudia.

Nyumbani nilichochea moto nikakaa na Onesmo mapajani. Hakulia, nikaona ni ushindi mwingine. Lakini kila nilipomwinua kubadili nguo alitoa kilio chembamba, kama mlango wenye bawaba kavu, na nikimlaza ananyamaza. Basi nikawa simwinui. Mchana aliingia Mama Sikitu, jirani yetu, kuomba kaa la moto.

"Kamwene," akasalimu mlangoni.

"Kamwene, mama."

"Huyu mbona amefungwa kama gunia?" Akainama, akaweka kiganja kwenye utosi wa Onesmo. Akakiondoa, akakirudisha. "Utosi umejaa. Umeinuka. Tangu lini yuko hivi?"

"Nimempasha mimi," nikasema. Nilidhani anauliza nani amefanya kazi. "Nimempasha kwa blanketi la baba."

Mama Sikitu aliliacha kaa lake pale pale kwenye kigae, akatoka mbio kuelekea kwenye chai, na ni mwanamke ambaye sikuwahi kumwona akikimbia, maana alikuwa mnene na mwenye heshima zake.

Alirudi na mama, na kwenye zahanati muuguzi alimvua Onesmo nguo zote. Zote, hadi soksi, kwenye meza baridi, dirisha liko wazi. Nilipiga kelele, "Mfunike!" Nilikuwa na hakika anamuua. Mama alinishika bega bila kunitazama. Muuguzi aliweka kipimajoto kwapani, akakisoma, akatazama mtoto anavyopumua, akagusa utosi. Alikuwa msichana mdogo tu, lakini uso wake ulizeeka pale pale nikimwona.

"Mama, mtoto wa wiki sita akichemka hivi hatukai tukangoja," akasema. "Nampiga sindano sasa hivi, kisha lazima aende hospitali kubwa Njombe. Hili joto limeanza lini?"

Mama alinitazama. Nikamtazama. Nilijua jibu, na kwa mara ya kwanza nikaelewa kwamba jibu lilikuwa baya. Nilijiandaa kusikia jina langu.

"Mchana huu," mama akasema.

Muuguzi akaandika. Nikaelewa kwamba mama amenificha. Nilimpenda kwa hilo, nikauacha uongo wake upite. Lori la mbao lilikuwa linapita kwenda mjini, likasimamishwa, mama akapanda mbele na Onesmo mikononi na barua ya muuguzi kifuani. Nilitaka kumrushia blanketi. Muuguzi akanizuia, akasema hilo libaki, mtoto hahitaji joto zaidi. Basi nikarudi nalo nyumbani peke yangu, limenilemea mkononi, likinuka kondoo na maziwa.

Siku ya tatu lori lilirudi halina mbao. Mama alishuka. Kitenge kilikuwa kimekunjwa vizuri, bapa, kama kinavyokunjwa kikitoka dukani. Baba alikuwa amempata hospitalini, akashuka nyuma yake akiwa amebeba kiboksi cha mbao alichokitengeneza mwenyewe huko huko mjini. Naikumbuka ile mbao ilivyopigwa randa, safi kabisa. Sikumbuki nikilia. Watu walikuja, ugali ukapikwa kwenye sufuria za kuazima, wakaimba. Mwalimu wa kanisa alisema maneno. Nilikuwa nimekaa chini ya mti wa parachichi na gauni la mikono mifupi, na mtu mmoja akaja akaniuliza, wee mtoto husikii baridi? Nikajichunguza. Nikaona kweli, sisikii.

Nilikuwa na imani yangu, na sikumwambia mtu. Niliamini nimemwivisha. Nilimweka karibu na moto, nikamfunika, nikamwacha humo kama viazi, na alipoiva nikafurahi na nikasifiwa. Mama alijua, ndiyo maana alinificha kwa muuguzi. Na ndiyo maana, walipozaliwa wadogo zangu wawili baadaye, hakuniachia hata mmoja. Aliwabeba mwenyewe hadi kwenye chai, akawalaza kwenye kibanda cha matawi alichokijenga kando ya mstari, na kila baada ya muda alitupa kapu chini akaenda kuwatazama. Niliona hayo na sikulaumu. Nilikuwa mtoto mtiifu, nafanya kazi zangu, nafaulu mitihani. Blanketi lilikunjwa likawekwa sandukuni, na mama alipohamia kwangu alikuja nalo, hakusema kwa nini, nami sikuuliza.

Nilipokuwa na mimba ya Neema nilihudhuria kliniki, na mkunga alitukusanya akatuambia kwamba mtoto wa chini ya miezi miwili si mtoto wa kungojewa. Akichemka, au akipoa kupita kiasi, akikataa titi, akigumia anapopumua, akilegea, utosi ukivimba, beba ukimbie, siku hiyo hiyo. Wadudu wa ugonjwa wanakuwa wameingia kwenye damu, na kwa mtoto mdogo hivyo hawachelewi kupanda kwenye utando wa ubongo. Niliinua mkono nikauliza, "Na akifunikwa blanketi zito sana karibu na moto?" Wanawake wakacheka. Mkunga akasema blanketi linaweza kumpandisha mtoto joto kidogo, ukimpunguzia anarudi kawaida, lakini blanketi halileti wadudu. Akarudia, halileti. Nilirudi nyumbani na jibu hilo kama mtu anayerudi na barua ya lugha asiyoijua. Kichwa kililielewa. Mahali pengine pote pakabaki kimya.

Turudi kwenye siku ya harufu. Nilikuwa bado nafumua bega la lile sweta Neema alipotoka chumbani na mtoto.

"Mama, huyu leo wa moto," akasema. "Nadhani nimemzidishia nguo. Na titi hataki."

Niliweka mkono kwenye paji la uso wa mjukuu wangu. Sikuhisi kitu. Namaanisha mkono haukuniambia chochote, kama mkono uliolaliwa. Nilikuwa nayajua yote aliyosema yule mkunga, ningeweza kuyahubiri kanisani, na nikajisikia nikisema, "Mpunguzie nguo, tungoje kidogo."

Mama yangu alikuwa anatusikia kutoka jikoni, kwenye kigoda chake karibu na jiko, chini ya lile blanketi linalotoa mvuke. Macho yake siku hizi yanaona vivuli tu.

"Nipeni," akasema.

Neema akampa. Mama hakugusa paji la uso. Alipekua nguo hadi akazipata nyayo, akazishika zote mbili katika kiganja kimoja. Akakaa hivyo. Mimi niliwahi kuuona ule mkono ukikaa hivyo, na nikasimama.

"Nyayo hizi nazijua," akasema. Alisema kwa Kiswahili, ili Neema asikose neno. "Joto hili si la nguo. Vaeni viatu."

"Bibi, labda tumvue kwanza tuone..."

"Vaeni viatu!"

Tuliingia kwenye bajaji na mtoto amevaa kisweta kimoja, tukafika hospitali ya Ilembula kabla ya chakula cha mchana. Safari hii aliyeulizwa nilikuwa mimi. Joto limeanza lini? Nikasema, "Asubuhi hii, kama saa tatu. Na tulikaa kidogo kabla ya kuondoka." Daktari akaandika bila kunigombeza. Walimtoa damu, wakamtoa maji mgongoni kwa sindano ambayo Neema hakuweza kuitazama nikaitazama mimi, na dawa zikaanza kupita kwenye mshipa kabla majibu hayajarudi. Majibu yaliporudi walisema ni maambukizi kwenye damu, hayajafika kichwani. Tulilala pale siku kumi. Siku ya nne alinyonya hadi akapaliwa, na wauguzi wakacheka. Nami nilicheka, kwa kuwa wengine wanacheka.

Siku tuliyorudi mama alikuwa barazani ananisubiri. Neema aliingia kumlaza mtoto. Mimi nikakaa kwenye ngazi, upepo ukipeperusha mifuko barabarani.

"Kapona?" mama akauliza.

"Kapona, mama."

"Mlimuwahi."

"Tulimuwahi. Wewe ndiye uliyemuwahi."

Kisha akaanza kuongea Kibena, polepole, bila hasira, na mimi sikuwa nimewahi kumsikia akiongea Kibena hivyo.

"Siku ile kwenye chai nilizishika nyayo za mdogo wako nikajua. Nilikuwa nimezaa, nimelea, mkono wangu unajua. Nikajua hili si joto la blanketi. Lakini kapu lilikuwa nusu, na nikajisemea, nikimaliza mstari huu. Ndiyo nikakusifu."

"Uliniambia nimefanya kazi nzuri."

"Nilikusifu ili uondoke naye, nirudi kuchuma. Na yule muuguzi nilimwambia mchana kwa sababu yangu, si yako. Wadogo zako sikukuachia kwa sababu nilikuwa sijiamini mimi. Kila nilipotaka kukusifu kwa jambo jingine, neno lile lile lilikuja mdomoni, likanikaa hapa." Akashika koo. "Mpaka nikazeeka nalo."

Kwa maisha yangu yote nilikuwa na sifa moja tu kutoka kwa mama, nayo niliiogopa kuliko tusi. Sasa nayo haikuwa yangu. Na dhambi niliyoibeba pamoja nayo haikuwa yangu pia. Nilibaki nimekaa na mikono mitupu kwenye ngazi ya nyumba yangu, mtu mzima, bibi wa mtu.

"Nilidhani nimemwivisha," nikasema.

Mama akageuza uso kunielekea. Nadhani hakuwa amewahi kufikiria kwamba nami nilikuwa na fungu langu. Akanyoosha mkono akitafuta, akapapasa hewani, akaupata mguu wangu kwenye kandambili. Akaushika unyayo, kama alivyofanya kwa wote aliowazaa.

"Mbona wa baridi hivi?" akasema.

Na kweli ulikuwa wa baridi. Nikausikia. Baridi ilianzia pale alipokuwa ameshika, ikapanda magotini, ikafika mgongoni, na meno yangu yakaanza kugongana mbele ya watu wanaopita.

"Neema!" nikaita. "Niletee lile blanketi."